Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Maisha na Biashara katika Miji Midogo ya Usukuma, 1945 hadi 1961

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wasomaji, hasa vijana, wanaotaka kujua babu na bibi zao waliishije kusini mwa Ziwa Viktoria katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia hadi Uhuru wa Tanganyika. Miji inayokusudiwa ni midogo: Ngudu, Malampaka, Nyambiti, Magu, Bariadi, na Shinyanga kabla haijapanuka. Mwanza inatajwa pale inapolazimu tu, kwa kuwa ilikuwa bandari na makao makuu ya Jimbo la Ziwa, na maisha ya huko yalikwenda kwa mwendo tofauti.

Mji mdogo wa wakati huo ulikuwa na sura gani?

Kwa kawaida ulikuwa mtaa mmoja au miwili ya maduka yaliyotazamana, yenye kuta za matofali au mawe na mapaa ya mabati, kila duka likiwa na baraza mbele, chumba cha biashara katikati, na nyumba ya familia pamoja na ghala na ua nyuma. Pembeni palikuwa na soko, zahanati, baraza la mtemi, yaani chifu wa Kisukuma, ambalo lilikuwa pia mahakama, shule ya misheni au ya serikali ya wenyeji, na mahali pengine kituo cha reli. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na miji kama Malampaka na Shinyanga iliyopitiwa nayo ilipata nguvu ambazo miji iliyo mbali na njia hiyo haikuwa nazo.

Jengo lililotawala macho na masikio, pale lilipokuwepo, lilikuwa kinu cha kuchambulia pamba, yaani kutenganisha nyuzi na mbegu. Msimu ulipofika injini yake ilisikika usiku na mchana, na mara nyingi kinu ndicho pekee kilichokuwa na umeme. Nyumba nyingine zilitumia kibatari au chemli, na duka lenye uwezo liliwasha karabai iliyomulika baraza zima.

Ni vema kukumbuka kwamba Wasukuma wengi hawakuishi mjini. Makazi yao yalitawanyika mashambani, kaya moja hapa na nyingine kule, kila moja na zizi lake na uzio wa minyaa. Kwa hiyo mji ulikuwa mahali pa kwendea, na ukubwa wake halisi ulionekana siku ya gulio, wala haukupimwa kwa idadi ya nyumba.

Ni akina nani waliofanya biashara humo?

Maduka makubwa zaidi yalikuwa ya familia za Kihindi: Waismailia, Mabohora, Washia Ithnaasheri na Wahindu, wengi wao wakiwa na asili ya Gujarat na Kachchh. Waarabu, wengi wao wenye asili ya Oman, mara nyingi waliingia ndani zaidi vijijini, wakafungua maduka madogo ya udongo na kuishi karibu na wateja wao kuliko Wahindi wa mjini. Wasomali walijulikana kwa biashara ya ng'ombe. Waafrika wenyeji na wageni kutoka Unyamwezi, Uhaya na pwani walifanya kazi za ufundi, uchuuzi, uchinjaji na hoteli za chai, na baada ya vita idadi ya Waafrika wenye maduka yao wenyewe iliongezeka.

Ongezeko hilo halikuja kwa urahisi. Mfanyabiashara Mwafrika hakuwa na ndugu mwenye duka la jumla Mwanza wa kumpa bidhaa kwa mali kauli, yaani alipe baada ya kuziuza, na benki haikumtambua. Ndiyo sababu wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza waliunda chama chao cha ushirika katika miaka ya 1940 ili wanunue bidhaa kwa pamoja, na katibu wa chama hicho kuanzia mwaka 1947 alikuwa kijana aliyewahi kuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Paul Bomani. Jina lake litarudi hapa chini.

Je, watu wa makabila na dini mbalimbali walichangamana?

Dukani, ndiyo. Mezani na katika ndoa, kwa nadra sana. Mwenye duka aliyetaka kufanikiwa alijifunza Kisukuma cha kutosha kusalimia, na mteja aliyeingia na salamu ya «mwangaluka» alitarajia kuitikiwa kikamilifu kabla ya kuulizwa anataka nini. Kumhudumia mtu mzima bila kumsalimu ilikuwa dharau, na habari za dharau hiyo zilifika vijijini kabla ya jua kuzama. Watoto wa Wahindi na Waarabu waliokulia katika miji hii walizungumza Kisukuma na Kiswahili kama lugha zao. Hata hivyo, shule ziligawanywa kwa rangi kwa amri ya serikali, hospitali vivyo hivyo, na mtu anayesimulia zama hizo kana kwamba zilikuwa za udugu usio na kasoro anawanyima wasikilizaji wake sehemu ya ukweli.

Dukani kuliuzwa nini?

Nguo kwanza. Marikani nyeupe, kaniki nyeusi, khanga za jozi, vitenge, shuka, kaki ya suruali kwa karani na mwalimu. Baada ya nguo zilikuja chumvi, sukari, majani ya chai, mafuta ya taa, viberiti, sabuni ya mche, majembe, sufuria, shanga, blanketi, sindano na uzi, betri za tochi, na dawa za kichwa na homa. Bidhaa ambayo kijana alitamani kuliko nyingine zote ilikuwa baiskeli, Raleigh au Phillips iliyotoka Uingereza, kwani ndiyo iliyombebea gunia la pamba, mgonjwa, na bibi harusi.

Wakati wa vita na miaka michache baadaye, nguo ziliadimika na kugawiwa kwa mgao. Wazee wengi waliokuwa watoto wakati huo wanakumbuka uhaba wa nguo kuliko wanavyokumbuka habari za vita vyenyewe.

Fedha na vipimo vilikuwa vipi?

Fedha ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki na kutumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Shilingi moja ilikuwa na senti 100, na shilingi 20 zililingana na pauni moja ya Uingereza. Sarafu za senti 1, 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati, na watu walizitunga kwenye kamba ili zisipotee. Senti 50 iliitwa thumuni. Shilingi hiyo iliendelea kutumika hata baada ya Uhuru, mpaka Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kutoa shilingi yake mwaka 1966.

Vipimo vilichanganyika. Nguo ilipimwa kwa yadi, na wengine waliiita wari. Vitu vya dukani vilipimwa kwa ratili, ambayo ni takriban gramu 454, na nafaka sokoni kwa kibaba, kwa pishi yenye vibaba vinne, au kwa debe la bati lililowahi kubeba galoni nne za mafuta ya taa, yaani karibu lita 18. Hapa ndipo ugomvi ulipozaliwa. Debe lililobonyezwa kitako lilichukua kidogo, na debe lililojazwa kwa kilele lilichukua zaidi, hivyo anayeuza na anayenunua waliangalia mikono ya mpimaji zaidi ya uso wake.

Je, ni kweli kwamba wakulima waliishi kwa mkopo wa duka?

Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu bila kulielewa mtu hawezi kuelewa uhusiano wa mji na kijiji.

Mkulima wa pamba alipanda kati ya Novemba na Desemba au mvua zilipokubali, akapalilia hadi Machi, akaanza kuchuma kuanzia Mei au Juni. Fedha ilimfikia mara moja kwa mwaka, miezi michache tu ya kiangazi. Katikati ya masika, watoto walipougua, jembe lilipovunjika au msiba ulipotokea, hakuwa na kitu mkononi isipokuwa ng'ombe, na ng'ombe hakuuzwa kwa ajili ya chumvi. Mwenye duka alimjua, alimjua baba yake, alijua shamba lake liko wapi, akamwandikia kwenye daftari. Msimu ulipofika, deni lililipwa kabla ya jambo lingine lolote.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji, ambayo kwa kifupi ilisema kwamba deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika haliwezi kudaiwa mahakamani isipokuwa mkataba wake umeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Ilielezwa kuwa ni kinga ya mwenyeji dhidi ya unyonyaji. Kwa maoni yangu ilimkinga upande mmoja na kumfunga upande mwingine: ilimwachia mkulima mkopo wa daftari, ambao haukuwa na ushahidi wala masharti yaliyo wazi, na ilimnyima mfanyabiashara Mwafrika nafasi ya kukopeshwa mali kwa utaratibu wa kisheria kama wenzake.

Kwa kuwa daftari halikuwa na nguvu ya mahakama, lililolinda deni lilikuwa heshima. Mkulima aliyekwepa alifungiwa milango ya maduka yote, maana wenye maduka waliambiana. Mwenye duka aliyeongeza tarakimu kisirisiri alihamwa na ukoo mzima. Nimesikia wazee wakiwasifu wenye maduka fulani kwa uaminifu, na nimesikia wengine wakilaani kwa uchungu uleule daftari ambalo hawakuweza kulisoma. Naamini pande zote mbili, kwa kuwa kila mmoja anasimulia duka lake.

Pamba iliuzwaje, na kwa nini mizani inatajwa kila mara?

Mkulima aliichambua pamba yake nyumbani na kuitenga katika mafungu mawili: safi, iliyo nyeupe, na fifi, iliyo na madoa au iliyoliwa na wadudu. Bei ya kila daraja ilitangazwa kabla ya msimu, na kuanzia mwaka 1952 palikuwa na Bodi ya Pamba iliyosimamia uuzaji wa nyuzi na mbegu nje ya nchi. Kwa hiyo mkulima hakuwa na nafasi ya kushindana juu ya bei. Kitu pekee ambacho kingeweza kuongezeka au kupungua ni uzito ulioandikwa.

Alipakia magunia juu ya baiskeli, kichwani, juu ya punda au kwenye gari la ng'ombe, akayapeleka kwenye gulio la pamba ambako mnunuzi, aliyekuwa wakala wa mwenye kinu, alikuwa na banda lake na mizani yake. Mpimaji alikuwa mtu wa mnunuzi. Karani aliyeandika alikuwa wa mnunuzi. Mkulima ambaye hakujua kusoma alipewa kijikaratasi na fedha, akaondoka. Ratili chache zikikatwa kwa kila gunia, na magunia yakiwa maelfu kwa msimu, wizi huo ulikuwa mkubwa hata kama kwa mtu mmoja ulionekana kama vumbi.

Wakulima hawakunyamaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika sehemu kadhaa za Usukuma, walichangishana fedha, wakanunua mizani yao wenyewe, na kuwaajiri vijana waliojua kusoma na kuhesabu ili wapime pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Mkulima alifika gulioni akiwa na uzito wake mkononi, na mnunuzi aliyetaja uzito mdogo alilazimika kueleza tofauti mbele ya watu. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa matendo makubwa katika historia ya nchi hii, na linasikitisha kwa kuwa halifundishwi vya kutosha. Lilifanywa na watu wengi wasiojua kusoma, ambao walitambua mahali hasa walipoibiwa na kuupeleka ushahidi mahali hapohapo.

Ushirika ulianzaje, na ulibadilisha nini mjini?

Ulitokana na mizani hiyo. Paul Bomani alizunguka vijijini, na mwaka 1952 chama cha wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa kiliundwa. Vyama vya msingi vya vijiji vilikusanywa chini ya vyama vikuu, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho lililojulikana kwa Kiingereza kwa herufi VFCU (Victoria Federation of Co-operative Unions), lenye makao yake Mwanza. Shirikisho lilipata kinu chake huko Kasamwa wilayani Geita, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1950 karibu pamba yote ya Usukuma ilikuwa ikinunuliwa na vyama vya wakulima. Lilihesabiwa kuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika barani Afrika.

Mjini, mabadiliko yalionekana kwanza katika ajira. Kila chama cha msingi kilihitaji katibu, mpimaji na mlinzi wa ghala, na kijana aliyemaliza darasa la nane, ambaye awali angesubiri ukarani wa serikali au wa misheni, sasa alipata kazi karibu na kwao, akavaa kaki iliyopigwa pasi na kuweka kalamu mfukoni. Kisha yalionekana dukani. Mwenye duka aliyekuwa pia wakala wa pamba alipoteza faida ya ununuzi, lakini alibaki na wateja wenye fedha zaidi. Wengine waliona hatari wakahama, na wengine walipanua biashara ya nguo, baiskeli na usafirishaji kwa malori.

Mnada ulikuwa nini, na ulitofautiana vipi na soko la kila siku?

Soko la kila siku liliuza mboga, dagaa kutoka ziwani, nyama, nafaka na tumbaku. Mnada ulifanyika kwa tarehe maalumu, kwa kawaida mara moja kwa mwezi, na msingi wake ulikuwa ng'ombe. Wafugaji walileta mifugo uwanjani, wanunuzi wakasimama kando ya uzio, dalali akataja bei kwa sauti, na serikali ya wenyeji ikachukua ushuru wake. Ng'ombe walionunuliwa walitembezwa kwa miguu au kupakiwa kwenye mabehewa kuelekea Dar es Salaam, ambako kiwanda cha Tanganyika Packers huko Kawe kilihitaji nyama ya kusindika.

Pembezoni mwa mnada kulichangamka kuliko katikati yake: nyama choma, pombe ya mtama, wauza dawa za asili, wafinyanzi, wauza mitumba, wapiga ramli, na vijana waliokuja kutazamana tu. Wengi waliofika hawakuwa na ng'ombe wa kuuza wala fedha ya kumnunua.

Faida ya pamba ilikwenda wapi?

Kodi ya kichwa ilitolewa kwanza, kwa maana mwanamume asiyekuwa na stakabadhi ya kodi aliweza kukamatwa njiani. Deni la duka lilifuata, kisha nguo za mke na watoto, ada ya shule, na kilichobaki kiligeuzwa kuwa ng'ombe. Maofisa wa kilimo wa kikoloni, waliokuwa na mpango mkubwa wa kuendeleza Usukuma ulioanza mwaka 1947 na kuwataka wafugaji wapunguze mifugo, waliona jambo hilo kama ujinga. Haukuwa ujinga. Ng'ombe alizaa, alilipa mahari, alitoa maziwa na samadi, na mwaka wa njaa aliuzwa. Benki zilikuwa mbali, na hazikuwa na riba inayolingana na ndama.

Wanawake walishiriki vipi katika biashara?

Zaidi kuliko vitabu vya hesabu vinavyoonyesha. Kazi kubwa ya palizi na uchumaji wa pamba ilikuwa yao, ingawa fedha ya gulioni kwa kawaida ilipokelewa na mume, na malalamiko juu ya matumizi yake yaliijaza mahakama ya mtemi kila baada ya msimu. Fedha ya mwanamke mwenyewe ilitokana na vitu vingine: karanga, choroko, mchele wa mbugani, kuku na mayai, vyungu, pombe, na viazi vitamu vilivyokaushwa, ama vibichi vikiitwa michembe, ama vikichemshwa kwanza na kuitwa matobolwa. Wanawake wa mjini, hasa wajane na walioachika, walipika vitumbua na maandazi asubuhi na kupangisha vyumba kwa wasafiri. Baadhi yao walijenga nyumba zao wenyewe, jambo ambalo kijijini lisingekuwa rahisi.

Mafundi na hoteli vilikuwa na nafasi gani?

Karibu kila baraza la duka la nguo lilikuwa na fundi na cherehani yake ya kukanyaga, mara nyingi Singer. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka hatua tatu, akapimwa, na kabla ya kurudi kijijini alikuwa na shati. Fundi alinufaika na wateja wa duka, na duka lilinufaika na fundi, kwa kuwa kitambaa kisichoshonwa hakivaliki. Mafundi baiskeli walikaa chini ya mwembe, wahunzi pembeni kidogo kwa sababu ya moto, na kinyozi popote penye kivuli.

Hoteli ilikuwa chumba chenye benchi, chai ya maziwa, maandazi na chapati, wakati mwingine wali na maharage. Umuhimu wake ulikuwa katika mazungumzo. Dereva wa lori alileta habari za Mwanza, karani wa reli habari za Tabora, na mtu aliyekuwa na gazeti aliwasomea wasiojua kusoma.

Watu walijiburudisha vipi?

Ngoma ndiyo iliyotangulia. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, mashindano ya Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vilivyoshindana, yalivuta watu kutoka mbali, kila upande na manju wake, yaani mtunzi na mwimbaji kiongozi, dawa zake na mbinu zake, na ushindi ulihesabiwa kwa upande uliovuta watazamaji wengi. Manju aliimba juu ya mapenzi na juu ya wapinzani, na vilevile juu ya bei ya pamba, mizani, kodi na watawala. Bugobogobo, ngoma ya majembe, ilitokana na kazi ya pamoja shambani, ambapo vikundi vya vijana chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, vililima kwa mdundo. Bagoyangi walicheza na nyoka hai, na hakuna mtoto aliyewaona akawasahau.

Kulikuwa pia na kandanda, bao, dansi kwa waliosoma, sikukuu za Idi na Krismasi, na harusi ambazo mji wote ulihudhuria. Huko Bujora, karibu na Mwanza, padri David Clement wa shirika la Wamisionari wa Afrika alianza katika miaka ya 1950 kuziingiza ngoma na sanaa za Kisukuma katika ibada na kuhifadhi vifaa vya kale, na makumbusho yaliyotokana na kazi hiyo yapo hadi leo.

Habari zilifikaje?

Kwa barua, kwa gazeti, kwa redio, na kwa mdomo, na mdomo ndio ulioshinda vyote kwa kasi. Gazeti la Mambo Leo, lililotolewa na serikali tangu mwaka 1923, lilisomwa na walimu na makarani. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, lakini redio za betri zilikuwa ghali, hivyo aliyekuwa nayo aliiweka dirishani na majirani wakakaa barazani. Barua nyingi ziliandikwa na watoto wa shule kwa niaba ya wazee, na mtoto huyo alijifunza siri za ukoo mapema kuliko alivyostahili.

Je, siasa ziliingia katika biashara hiyo?

Ziliingia kwa mlango wa mizani. TANU ilianzishwa Julai 1954, na kabla mwaka huo haujaisha serikali ilikataa kuiruhusu kufanya kazi Usukuma, zuio lililodumu hadi mwaka 1958. Katika miaka hiyo vyama vya ushirika viliwapa watu nafasi halali ya kukutana, kuchagua viongozi, kusoma hesabu hadharani na kuwaondoa waliokosea. Wilayani Geita, mwaka 1958, watu walipinga baraza la mchanganyiko wa rangi lililowekwa bila ridhaa yao, na umati ukatembea hadi Mwanza kudai wasikilizwe. Walioongoza harakati hizo wengi walikuwa wafanyabiashara wadogo, makatibu wa vyama, na wakulima wenye uwezo wa kati, watu ambao tayari walikuwa wamezoea kuhesabu na kuhoji.

Maisha haya yalibadilika lini?

Hayakukatika siku ya tarehe 9 Desemba 1961. Maduka yalifunguliwa kesho yake kama kawaida, na pamba iliendelea kuongezeka katika miaka ya 1960. Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1968 shirikisho la VFCU lilipangwa upya na kuwa Chama cha Ushirika cha Nyanza. Sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo iliwafanya Wahindi wengi waondoke, baadhi kwenda Kanada na Uingereza, na nyumba zao za baraza zikapata wakazi wengine. Makazi yaliyotawanyika yakakusanywa katika vijiji kwa operesheni za mwaka 1974. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mwaka huohuo Operesheni Maduka ikafunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji. Ushirika ulirudishwa katika miaka ya 1980, lakini daftari la mkopo, wakala wa gulioni na fundi wa baraza lilelile havikurudi kwa namna ileile.

Ninataka kumhoji mzee wa familia yetu. Niulize nini?

Usianze na swali pana kama «maisha ya zamani yalikuwaje», kwa maana jibu lake litakuwa kwamba yalikuwa mazuri au yalikuwa magumu. Uliza juu ya vitu. Baiskeli ya kwanza katika ukoo ilikuwa ya nani, na ilinunuliwa kwa magunia mangapi? Pamba ilipelekwa gulio gani, na nani alikuwa anapima? Duka gani lilikopesha familia, na deni lilipokwisha mwenye duka alitoa nyongeza ya chumvi, sabuni, au hakutoa kitu? Bibi aliuza nini, na fedha yake aliificha wapi? Manju gani alisikilizwa nyumbani, na familia ilikuwa Bagalu au Bagika?

Rekodi sauti kwa ridhaa yake, andika majina ya mahali kama anavyoyatamka, na mwache aseme Kisukuma kama ndicho kinachomjia, hata ikibidi umtafute mtu wa kukufafanulia baadaye. Akikuonyesha stakabadhi ya kodi, kitabu cha chama cha msingi au kijikaratasi cha mizani, kipige picha pande zote mbili siku hiyohiyo, kisha umrudishie.